Mchungaji Hiram Revels, Seneta wa Kwanza Mweusi wa Marekani

Hiram Revels alizaliwa mwaka 1827 huko North Carolina, mtu huru katika inchi yenye weusi wengi watumwa. Akawa mchungaji, mwaka 1854 alitiwa gerezani Missouri kwa kuwahubiria weusi Injili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865) vilipokwisha, inchi ikaanza kujengwa upya, naye akakaa Mississippi. Januari 1870 alifungua baraza la jimbo kwa maombi yaliyogusa wengi, nao wakamchagua kwenda Senate ya Washington. Wapinzani wakadai kwamba mweusi hajatimiza miaka 9 ya uraia inayotakiwa. Kura zikapigwa: 48 wakamkubali, 8 wakamkataa. Kwa muda wa mwaka mmoja tu humo, aliomba waasi wa jana walioapa utii warudishiwe haki zao. Tena alikataa watoto weusi watengwe mashuleni.

Mwaka 1890 katiba mpya ya Mississippi iliwanyang'anya weusi haki ya kupiga kura. Revels alikufa mwaka 1901, akiwa katika mkutano wa kanisa. Alisamehe, lakini wengi hawakumrudishia wema. Ndugu, baada ya vita tusameheane, tena tulinde haki ya mnyonge, isiibiwe tukiwa tumelala.