Mathewson kwa Rusie: Nani Alipigwa?
Kwetu Mbagala dirisha la usajili likifunguliwa, kila kijiwe kina jaji. Hukumu inatoka kabla mchezaji hajagusa mpira.

Sasa mchukue Christy Mathewson, mrushaji wa besiboli Marekani, aliyezaliwa 1880. Alikuwa mwanachuo kama sisi, pale Bucknell. Mwaka 1900 New York Giants walimjaribu, akapoteza mechi tatu, wakamrudisha alikotoka. Cincinnati wakamchukua. Desemba hiyohiyo Giants wakamfuata tena, na safari hii wakamtoa Amos Rusie, jina kubwa la miaka ya 1890, ila alikuwa nje misimu miwili.

Kijiweni wangesema Giants wamepigwa. Kumbe Rusie alicheza Cincinnati mechi 3 tu, basi. Mathewson akawashindia Giants mechi 372. Fainali za 1905 alishinda tatu ndani ya siku sita, wapinzani wakiambulia sifuri zote. Kifua kikuu kilimuua 1925, akiwa na miaka 45.

Biashara ililipa, tena sana. Ila siku ya kubadilishana haikuonekana. Sisi tunaosomea ualimu tukumbuke hilo tukisahihisha jaribio la kwanza la mtoto.