Gunpei Yokoi, mzee wa betri nne

Tangu niseme humu kwamba natengeneza kimashine changu cha gemu cha kushika mkononi, swali linalorudi ni moja tu: utaweka betri gani ya kuchaji? Mmoja kashauri betri ya laptopu mbovu, mwingine ya simu, na kuna aliyesema nifunge power bank nyuma kwa mpira (du!). Nitajibu leo leo. Ila jibu langu linapitia kwa Mjapani mmoja, na mkiruka stori yake mtaona nimechagua kibahili.

Anaitwa Gunpei Yokoi. Ile batani ya msalaba iliyoko kushoto kwenye pedi ya gemu, ya juu, chini, kushoto na kulia, ni kazi yake.

Alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941, akasoma elektroniki Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa Nintendo. Msifikirie Nintendo ya Mario. Wakati ule kampuni ilikuwa inatengeneza karata, zile za Kijapani zenye picha za maua, na kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mashine za kiwandani. Yaani fundi wa zamu. Mashine zikiwa nzima hana la kufanya, basi anachezea vyuma. Akajitengenezea mkono wa kudakia vitu vya mbali, unaokunjuka na kurefuka kama mkasi. Bosi mkuu, Hiroshi Yamauchi, akauona. Kwingine hapo unapewa barua ya onyo, lakini Yamauchi akamwagiza aufanye toi la kuuza. Ukatoka 1966 kwa jina la Ultra Hand, zikauzwa zaidi ya milioni moja. Jamaa akatolewa kwenye mashine za karata, akawa mbunifu wa matoi.

Sasa njoo kwenye umeme. Inasimuliwa kwamba siku moja ndani ya treni alimwona mfanyakazi wa ofisini anapoteza muda kwa kubonyabonya kikokotoo. Vikokotoo wakati huo vilikuwa vimeshuka bei sana, na vioo vyake vinajulikana vizuri: havina taa na havili umeme. Yokoi akachukua teknolojia hiyo hiyo, akaifanya gemu ya mfukoni. Game & Watch ilitoka 1980, ikitumia zile betri za saa za duara kama kidonge. Msalaba wetu ulikuja 1982 kwenye toleo la Donkey Kong.

Huo ndio ulikuwa msimamo wake maisha yote: chukua kitu kilichozeeka, bei poa, mafundi wameshakijua ubaya wake, kisha kitafutie kazi mpya. Sisi watu wa kunyofoa spea kwenye redio mbovu tunamwelewa bila mwalimu.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, kazi ya kikosi chake, na Satoru Okada akiwa nguzo kubwa. Ukiitazama kwa macho ya leo utacheka. Kioo cha kijani kijani chenye rangi nne tu za kufifia, hakina taa, gizani huoni kitu. Mwaka huo huo Atari wakatoa Lynx yenye rangi na taa. Mwaka 1990 Sega wakaja na Game Gear, nayo rangi na taa. Ungeniuliza siku hiyo dukani ningekwambia Yokoi kaisha.

Lakini hesabu betri. Game Boy ilikula betri nne za AA, hizi za rimoti, ikaenda saa 10 hadi 15 na zaidi. Lynx na Game Gear zilikula sita kila moja, na kwenye saa nne au tano hivi zimezima. Mtoto anamaliza betri sita kabla safari haijafika nusu, kesho anaomba hela za nyingine sita. Mzazi gani atakubali? Game Gear iliishia kwenye milioni 10 na ushee. Game Boy, ukijumlisha na Game Boy Color, zilifika zaidi ya milioni 118.

Kwa nini hakuweka ya kuchaji kabisa? Mwaka 1989 ya kuchaji iliyozoeleka ilikuwa nikeli-kadimi, nzito na haibebi sana. Betri za lithiamu-ioni Sony waliziingiza sokoni 1991. Nintendo waliuza kifurushi cha kuchaji pembeni, kinaning'inia kwa waya, ila AA unazipata duka lolote. Game Boy Advance SP ndiyo iliyokuja na lithiamu ndani mwaka 2003: mAh 600 tu, na ikiwa imewashwa taa inakwenda kama saa 10. Simu yako ya tochi ina betri kubwa kuliko hiyo!

Ndiyo maana nasema wengi mnaanzia mwisho. Mnatafuta betri kubwa kabla hamjajua mashine inakula kiasi gani. Chukua betri ya Nokia, BL-5C, volti 3.7, mAh 1020. Zidisha, unapata wati-saa 3.8 hivi. Ukijenga kimashine cha kioo cha rangi kinachokula wati 2, na ile saketi ya kupandisha volti kufika 5 nayo inapoteza kidogo, una saa moja na nusu. Mimi nimechagua chipu ndogo ya biti 8 na kioo cha Nokia 5110, cheusi na kijivu, nusu yake hata taa siwashi. Vyote vinatumia volti 3.3, na nimekadiria milliampea 20 pamoja na sauti. Betri ile ile, saa 50 kwenye karatasi. Hata zikipungua zikawa 40, umeme unakatika na kurudi mimi bado nacheza.

Wanaotaka rangi kwa lazima, sawa, chukueni seli za 18650 za mAh 2600, mtapata saa nne. Ila za kwenye laptopu iliyokufa pimeni moja moja. Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2.5 usiifufue, itupe sehemu ya taka za elektroniki. Seli hizo nyingi hazina kinga ndani. Ikipiga shoti mfukoni ni moto wa kweli, si mchezo. Nikeli-hidridi za AA ni wapole zaidi, ila kila moja ni volti 1.2, kwa hiyo nne ni 4.8 na si 6. Na BL-5C usizilehemu moja kwa moja, joto linaua seli. Nyofoa kiti cha betri kwenye simu mbovu. Kibao cha kuchajia cha TP4056 kinakuja kimepangwa ampea 1. Kwa betri hii badilisha kile kizuia umeme cha kilo-omu 1.2 uweke cha 2, ishuke karibu na nusu ampea. Ikivimba, hata kidogo, achana nayo.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, ya kuchungulia kama darubini, picha nyekundu tupu. Nyekundu ilikuwa nafuu na haili umeme mwingi, kanuni ile ile iliyomjenga. Safari hii watu waliumwa vichwa, hazikufika hata laki nane, ikafungwa. Akamalizia Game Boy Pocket, ndogo, betri mbili za AAA, na Agosti 1996 akaondoka Nintendo baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake, Koto.

Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alilokuwamo liligonga lori kwenye barabara kuu mkoani Ishikawa. Akashuka kuangalia uharibifu. Gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Mashine yake ya mwisho hakuiona dukani. Bandai waliitoa Machi 1999, inaitwa WonderSwan, na gemu moja ya mafumbo iliyotoka nayo ikapewa jina la Gunpey kwa heshima yake. Inatumia betri moja ya AA. Moja! Na inapita saa 30.

Basi yangu ni BL-5C, kioo cha kijivu. Kama kuna mdau anajua namna rahisi ya kutofautisha BL-5C orijino na feki bila kuimaliza chaji kwanza, aandike hapo chini, wengi tunahitaji.