UMEANGUKA? INUKA!

Ndugu msomaji, je, umeaibika mbele za watu? Wamesema wewe basi tena? Hebu soma habari za Louis Leakey.

Alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari. Mwaka 1932 alipata kipande cha taya la kale huko Kanam, magharibi mwa Kenya. Wasomi Uingereza wakamshangilia. Lakini Profesa Boswell alipokuja kuhakikisha, Leakey akashindwa kumwonyesha mahali penyewe! Vyuma alivyopigilia kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitoa ilikuwa ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell akayatangaza yote. Aibu iliyoje!

Je, alijificha? Hapana! Alirudi bonde la Olduvai, kule Ngorongoro, mbele ya Karatu. Jua kali, vumbi, maji ya shida, fedha haba. Tarehe 17 Julai 1959, miaka 28 tangu afike hapo mara ya kwanza, yeye yuko hoi kambini, anaumwa, mkewe Mary akaliona fuvu!

Sasa angalia. Hawakulichimba kwa pupa. Walimngoja mpiga picha afike kwanza, kazi yote ipigwe picha. Safari hii nani angebisha?

Leakey alifariki mwaka 1972. Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Rafiki, ulikosea wapi jana? Usipafiche. Patengeneze, kisha rudi kazini. Leo hii!