Freddie Mercury: Boy wa Zanzibar Anayefanya Buda na Mtoi Waimbe Pamoja Hadi Leo

Kama umewahi kukanyaga chini mara mbili na kupiga makofi mara moja, ukiwa kwa mechi ama kwa michezo ya shule, basi wewe tayari umeshaimba na Freddie Mercury. Hukujua? Tulia, nikupee stori yote.

Jamaa alikufa Novemba 1991. Pengine hata hukuwa umezaliwa. Lakini bendi yake, Queen, imeendelea kujaza viwanja Ulaya, Marekani na Japani miaka mingi baada ya yeye kufa, na ukicheki watu wanaoingia huko hauoni rika moja. Utaona mzee wa mvi na fulana iliyochakaa, binti yake ako kando, na mjukuu amebebwa mabegani. Wote watatu wanajua maneno. Kuna wanamuziki wengi wakongwe ambao mtoi huenda shoo yao juu buda amelazimisha. Hii ni tofauti, na sababu kubwa ni huyu msee mmoja: alitengeneza shoo ambayo haikamiliki bila wewe uliyekuja.

Alizaliwa hapa jirani

Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa 5 Septemba 1946 Mji Mkongwe, Unguja. Ndio, huko huko unaendanga kula pweza Forodhani ukipata doh ya likizo. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya India, watu wa dini ya Zoroaster. Buda yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Mshahara wa uhakika, nyumba ya heshima, yaya wa kulea watoi. Alikuwa na dada mmoja mdogo, Kashmira.

Akiwa na miaka kama 8 alipandishwa meli akapelekwa bodingi India, shule ya St Peter's pale Panchgani. Jiweke kwa viatu vyake: uko mdogo hivyo, na mathe wako ako ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Sio ati utarudi nyumbani wikendi. Huko ndiko wasee walianza kumuita Freddie. Huko ndiko alikomaa na piano, na akaingia bendi yake ya kwanza na maboi wa shule, ikiitwa The Hectics. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma ya mdomo yaliyosukuma yale ya mbele nje, na watoi wakamfanya kichekesho. Baadaye alipoomoka angeweza kuyang'oa wakati wowote. Alikataa, akiogopa sauti yake itabadilika.

Alirudi Unguja 1963. Mwaka uliofuata, Januari 1964, Mapinduzi yakapiga. Damu ilimwagika, na familia nyingi za Wahindi na Waarabu zikahama. Akina Bulsara wakafunga mizigo, wakatua Feltham, mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, nje kidogo ya London. Freddie alikuwa na miaka 17. Kutoka nyumba yenye yaya hadi maisha ya mhamiaji kwa baridi.

Hasla ya mitumba

Hapa ndipo utampenda zaidi. Jamaa alibeba mizigo Heathrow kupata pesa ya mfukoni. Akasoma sanaa na uchoraji Ealing, akamaliza 1969. Halafu yeye na mshikaji wake Roger Taylor wakafungua kibanda Kensington Market, wakiuza nguo kuukuu. Mitumba, msee! Kama unauza Gikomba ama Toi na una ndoto ya kuimba, ujue kuna mtu alipitia hiyo njia kabla yako.

Roger alikuwa anapiga ngoma kwa bendi inaitwa Smile, na gitaa lilikuwa la Brian May, mwanafunzi wa fizikia. Freddie alikuwa anawafuata kwa shoo akiwapea ushauri ambao hakuna mtu alimuuliza. Mwimbaji wao alipotoka 1970, Freddie akaingia. Hapo akabadilisha kila kitu: bendi ikawa Queen, yeye akaacha Bulsara akawa Mercury, na akachora nembo ya bendi mwenyewe kutumia nyota za wenzake. John Deacon akajiunga na gitaa la besi 1971, na albamu ya kwanza ikatoka 1973.

Ngoma iliyowatoa kabisa ilikuja 1975. Bohemian Rhapsody inakaribia dakika 6, na katikati inageuka opera. Wenye kampuni walisema redio haziwezi kupiga kitu kirefu hivyo. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akaicheza tena na tena, na mwishowe ikakaa namba moja Uingereza wiki 9.

Alivyogeuza mashabiki kuwa bendi

Sasa sikiza hii vizuri, juu ndiyo sababu familia bado zinaenda.

Mwaka 1977 Queen walipiga shoo Bingley Hall, Stafford. Walipotoka jukwaani, watu hawakuenda nyumbani. Walibaki wakaanza kuwaimbia wao, wimbo wa mashabiki wa mpira. Bendi ikashangaa. Badala ya kuona hiyo kama kelele, wakajiuliza: watu wamebanana, hawawezi kusonga, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga, kupiga makofi na kuimba. Brian akaandika We Will Rock You. Freddie akaandika We Are the Champions. Ile kishindo unasikia kwa rekodi ya kwanza sio ngoma za Roger. Ni miguu juu ya mbao na makofi, yamerekodiwa tabaka juu ya tabaka kwa studio iliyokuwa kanisa zamani.

Cheki akili ya hiyo. Mtoi wa miaka 5 anaweza kuifanya. Shosh anaweza kuifanya akiwa ameketi. Hauhitaji kujua Kizungu wala kuwa na sauti. Ni kama isukuti ikianza uwanjani: miguu inajibu kabla hujaamua.

Kazi ya Freddie ilikuwa kuwasha huo moto na kuuendesha. Alitembea na maiki iliyo kwenye nusu ya mti wake, kitu kilichoanza siku mti ulivunjika katikati ya shoo na yeye akaendelea tu. Aliimba mstari mfupi bila maneno, akanyamaza, watu wakaurudisha. Akaongeza ugumu, wakaurudisha tena. Alimwangalia yule ako nyuma kabisa kama yule wa mbele. Mwaka 1981 walienda Amerika Kusini, na kule São Paulo, Brazil, zaidi ya watu 100,000 walijaa uwanja wa Morumbi. Kwenye wimbo wa polepole wa Love of My Life, Freddie angeweza kunyamaza tu: umati unaoongea Kireno ukauimba kwa Kiingereza.

Na kitu cha ajabu ni kwamba nje ya jukwaa alikuwa mtu wa haya. Mahojiano aliyakwepa. Kuhusu Zanzibar na jina la Farrokh aliongea kidogo sana. Aliishi na Mary Austin miaka kadhaa wakachumbiana, na hata walipoachana alibaki rafiki yake wa karibu kuliko wote. Miaka ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Mambo ya nyumbani kwake aliyaweka nyumbani.

Doa la Sun City

Usidhani hii ni stori ya malaika. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umekolea, Mandela ako jela, na wasanii duniani wameombwa wasiende. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukaweka jina lao kwa orodha ya waliovunja mgomo. Wao walijitetea kwamba wanaimbia mashabiki, siasa sio yao. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Afrika, chini ya mkoloni, hiyo inauma zaidi. Ukimpenda Freddie, lazima umeze na hii.

Dakika 20 za Wembley

Miezi tisa baadaye ikaja Live Aid, 13 Julai 1985. Njaa ilikuwa imeua watu wengi sana Ethiopia, na Bob Geldof na Midge Ure wakapanga tamasha mbili siku moja, Wembley jijini London na Philadelphia, Marekani, kuchanga pesa. Sisi hapa jirani tunajua hiyo miaka. Muulize shosh wako kuhusu ukame wa 1984 na mahindi ya manjano.

Kila bendi ilipewa kama dakika 20. Wengi walikuja wakapiga tu. Queen walikodi ukumbi, wakafanya mazoezi wakiwa na saa mkononi, wakakata nyimbo zao ndefu zikawa vipande. Wakati huo magazeti yalikuwa yanasema wamezeeka. Kwa Live Aid wao hata hawakuwa nyota wakuu, na jua lilikuwa bado juu, taa za jukwaa hazina maana.

Freddie akaingia na fulana nyeupe isiyo na mikono, akaketi kwa piano. Ngoma ya pili ilikuwa Radio Ga Ga, na mikono ya watu 72,000 ikapanda na kushuka kwa pigo moja. Wengi wao walinunua tiketi kabla Queen hawajatangazwa, kwa hivyo hawakuwa wamekuja kwa ajili yake. Baada ya hapo akawapea ule mchezo wake wa sauti, wakaurudisha wote. Alipomaliza, shoo ilikuwa yake. Hadi leo wengi huiita shoo bora zaidi ya roki kuwahi kupigwa.

Mwaka uliofuata walifanya ziara kubwa ya Ulaya, ikaisha Knebworth, Uingereza, 9 Agosti 1986, mbele ya zaidi ya watu 100,000. Hakuna aliyejua hiyo ndiyo ya mwisho.

Siri

Mwaka 1987 alipimwa akapatikana na virusi vya ukimwi. Dawa za leo hazikuwepo. Kuambiwa hivyo ilikuwa ni kuambiwa utakufa, na watu watakukimbia kabla hujafa. Freddie akanyamaza. Wenzake kwa bendi walipojua wakanyamaza naye. Magazeti yakapiga kambi nje ya nyumba yake ya London yakimpiga picha akiwa amekonda, na yeye ako studio anarekodi, akisimama kwa nguvu ya kujilazimisha.

Linganisha na Philly Lutaaya wa Uganda. Yeye alisimama mbele ya watu 1989, akasema wazi ana ukimwi, akazunguka nchi akifunza vijana kwa muziki hadi alipokufa Desemba mwaka huo. Freddie alisubiri hadi 23 Novemba 1991. Siku hiyo alitoa taarifa kwa dunia, na usiku wa tarehe 24 akafa, akiwa na miaka 45. Usimhukumu haraka. Hapa Kenya serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa 1999, na kuna familia bado zinazika watu wakisema ni nimonia. Jua tu kunyamaza kulimgharimu nini: mtu aliyeweza kuongea na uwanja mzima alibeba hiyo kitu karibu peke yake.

Mazishi yake yalifanywa na makuhani wa dini ya wazazi wake. Pale, Mercury alirudi kuwa mtoi wa Bomi na Jer.

Waliobaki

Aprili 1992 Wembley ikajaa tena. Elton John, David Bowie, George Michael na wengine waliimba nyimbo zake, na pesa zikaenda kwa vita dhidi ya ukimwi. Shirika la Mercury Phoenix Trust lilianzishwa mwaka huo na bado linasaidia miradi, Afrika ikiwemo. Stone Town kuna jumba la makumbusho yake tangu 2019. Lakini mapenzi ya huko hayakuwa rahisi: 2006 sherehe ya kumkumbuka ilifutwa baada ya kikundi cha kidini kupinga.

John Deacon alistaafu. Brian, aliyezaliwa 1947, na Roger, wa 1949, wakaendelea, na maiki sasa iko na Adam Lambert. Adam alikuwa na miaka 4 Freddie alipopiga shoo yake ya mwisho! Hamuigi. Na kwenye shoo zao hutokea kitu kimoja: Freddie anatokea kwa skrini kubwa, kwa video ya zamani, anaita ule mstari wake, na uwanja mzima unamjibu, pamoja na watoi ambao wazazi wao walikuwa watoi alipokufa.

Tiketi ya London sio ya mfuko wa kila mtu, tuwe wakweli. Lakini Live Aid iko YouTube, na bando ya dakika 20 sio noma. Jumapili hii muite buda ama mathe, weka simu kwa spika, ongeza sauti. Usiwaeleze kitu. Wao wataanza kupiga makofi kabla yako, halafu muulize walikuwa wapi 1985. Ukipata stori nzuri, tuwekee hapo chini kwa maoni.