Paul Robeson: Mchezaji Kabla ya Othello

Anayesoma Othello ya Shakespeare hana budi kulijua jina la Paul Robeson, mwigizaji Mweusi aliyempa uhai mhusika huyo jukwaani. Wengi hawajui kwamba alivuma kwanza uwanjani.

Alizaliwa Princeton, New Jersey, Marekani, tarehe 9 Aprili 1898. Babake, mchungaji wa kanisa, aliwahi kuwa mtumwa akatoroka. Mwaka 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Rutgers, akajiunga na timu ya kandanda ya Kimarekani. Mchezo huo si huu tunaoucheza Diani na Msambweni. Mpira wake umechongoka na hubebwa mikononi, na kazi ya wachezaji wa safu ya mbele ni kukabiliana kwa mabega ili mwenye mpira apate njia. Robeson alikuwa wa safu hiyo, upande wa pembeni.

Siku ya kwanza ya mazoezi, wenzake wazungu walimvunja pua na kumtegua bega. Akapona, akarudi. Mmoja akamkanyaga mkono kwa njumu. Robeson alipandwa na hasira, akamnyanyua mchezaji juu ya kichwa, na papo hapo kocha Foster Sanford akampa nafasi timuni.

Mwaka 1916 chuo cha Washington and Lee kilikataa kucheza dhidi ya Mweusi. Rutgers wakamwacha nje. Mwanafunzi atazame hapa kwa makini: waliodai ubaguzi ni wapinzani, waliouridhia ni wa kwake.

Mwaka 1917 na 1918 aliteuliwa katika kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima. Baadaye alisomea sheria Columbia huku akichezea timu za kulipwa, Akron mwaka 1921 na Milwaukee mwaka 1922, apate karo. Sheria aliiacha, akashika jukwaa. Aliigiza Othello London mwaka 1930, kisha New York kuanzia 1943, mara 296. Akiwa London alijifunza Kiswahili, na katika filamu yake ya 1935, Sanders of the River, Jomo Kenyatta alishiriki kama mwigizaji mdogo.

Kwa kukemea ubaguzi na kuusifu Muungano wa Kisovieti, alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950. Mwaka uo huo kitabu cha kumbukumbu za mchezo kilichapisha kikosi bora cha 1918 kikiwa na watu kumi badala ya kumi na mmoja.

Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Jumba la heshima la kandanda ya vyuo lilimwingiza mwaka 1995.