Percy Lavon Julian

Percy Lavon Julian (11 Aprili 1899 – 19 Aprili 1975) alikuwa mwanakemia wa Marekani mwenye asili ya Kiafrika. Anajulikana hasa kwa kutengeneza homoni kutoka kwa mafuta ya soya.

Maisha

Alizaliwa Montgomery, Alabama, akiwa mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1920 alimaliza Chuo Kikuu cha DePauw akiwa wa kwanza darasani. Alipata shahada ya uzamili Harvard, lakini alinyimwa nafasi ya kufundisha kwa sababu ya rangi yake. Hivyo alikwenda Vienna, Austria, alikopata udaktari mwaka 1931.

Mwaka 1935, akiwa DePauw pamoja na Josef Pikl, alifaulu kutengeneza fisostigmini, dawa ya ugonjwa wa macho uitwao glaukoma. Hata hivyo chuo hakikumpa uprofesa. Kazi nyingine huko Appleton, Wisconsin, ilishindikana kwa sababu mji ule haukuruhusu mtu mweusi kulala humo. Mwaka 1936 aliajiriwa na kampuni ya Glidden, Chicago, kusimamia utafiti wa soya.

Mafuta ya soya

Kiwandani soya husagwa kuwa vipande vyembamba na kuloweshwa katika kiyeyushi kinachobeba mafuta. Kisha kiyeyushi huvukizwa na mafuta hubaki. Karibu na mwaka 1940 maji yalivuja ndani ya tangi la galoni 100,000 za mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na utando mweupe ukajitokeza. Kwa wengine ilikuwa hasara tu. Julian alikuwa ameshaona fuwele kama hizo katika mafuta ya maharagwe ya Calabar, akatambua kwamba ni stigmasteroli. Kutokana nayo alitengeneza projesteroni kwa wingi, homoni iliyokuwa adimu na ghali mno, iliyotumika kuzuia mimba kuharibika. Baadaye alibuni pia njia nafuu ya kupata viungo vya kutengenezea kortisoni, dawa ya baridi yabisi.

Mwaka 1950 gazeti la Chicago Sun-Times lilimchagua kuwa mkazi bora wa jiji. Mwaka huohuo nyumba aliyonunua Oak Park, mtaa wa wazungu, ilijaribiwa kuchomwa moto. Mwaka 1951 ilirushiwa baruti. Familia haikuhama.

Mwaka 1953 alianzisha kampuni yake, akaiuza mwaka 1961 kwa zaidi ya dola milioni 2. Aliingizwa katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi mwaka 1973.