Mwana wa Fundi Aliyemchekesha Mfalme

Maisha ya Molière

Ndugu msomaji, je, umepata kumwona mtu mchoyo anayelala na njaa, huku ana fedha alizozificha? Je, umepata kumwona mtu anayesali kwa sauti kubwa mbele za watu, huku moyoni anatamani mali ya mwenziwe? Watu wa namna hiyo wapo katika kila nchi. Walikuwapo zamani, na leo wapo.

Mfaransa mmoja aliwatazama sana watu hao. Akatunga michezo ya kuigiza juu yao. Alifariki zaidi ya miaka 350 iliyopita, lakini michezo yake bado inachezwa, na watu bado wanacheka. Jina lake ni Molière. Jina hilo hutamkwa karibu na Moliyeri.

1. Mtoto wa fundi

Molière alizaliwa katika mji wa Paris mwaka 1622. Alibatizwa tarehe 15 Januari mwaka huo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin.

Baba yake alikuwa fundi wa mapazia, vitanda na viti vya vitambaa. Hakuwa maskini. Mwaka 1631 alipata kazi ya ufundi katika nyumba ya mfalme. Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa, na mwana aliweza kuirithi kwa baba yake.

Mwaka 1632 mama yake alifariki. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 10. Baba yake alimpeleka katika shule nzuri ya mapadre, akajifunza Kilatini na vitabu vya watu wa kale. Njia yake ilikuwa wazi mbele yake. Angerithi kazi ya baba, angeishi vizuri, na watu wangemheshimu.

2. Anaukataa urithi

Mwaka 1643, akiwa na umri wa miaka 21, kijana huyo aliikataa kazi ya baba yake. Alitaka kuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza. Aliungana na mwanamke mmoja hodari katika kazi hiyo, jina lake Madeleine Béjart, pamoja na wenzao. Wote walikuwa watu 10. Wakaandikiana mkataba, wakaanzisha kikundi chao. Mwaka uliofuata kijana akajiita Molière.

Siku zile wachezaji walidharauliwa. Watu walikwenda kuwatazama na kucheka, lakini hawakupenda mtoto wao awe mmoja wao. Kanisa liliihesabu kazi yao kuwa ni dhambi. Mchezaji aliyekufa bila kuikana kazi yake hakuzikwa kwa ibada ya Kanisa. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalikuta tena mwishoni.

Kikundi kilikodi ukumbi, lakini watazamaji walikuwa wachache. Wakati huo hapakuwa na taa za umeme. Jukwaa liliwashiwa mishumaa mingi, na mishumaa ilikuwa ghali. Madeni yakazidi. Mwaka 1645 Molière alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni, na mmoja wa waliomdai alikuwa mwuza mishumaa. Alitoka baada ya mtu kumdhamini.

Wengi wangerudi kwa baba na kuomba msamaha. Molière hakurudi katika ufundi. Alipakia vitu vyake, akaondoka Paris pamoja na wenzake.

3. Miaka 13 njiani

Kwa muda wa miaka 13 hivi kikundi kilizunguka katika miji ya Ufaransa, hasa upande wa kusini. Walicheza mahali popote walipopokewa. Siku nyingine walipata fedha, siku nyingine walipata taabu.

Miaka hiyo haikupotea bure. Ilikuwa shule yake ya pili. Molière aliona wakulima sokoni, wafanyabiashara dukani, mawakili mahakamani, na makabaila katika majumba yao. Alisikia jinsi kila mtu anavyosema. Alijifunza pia jambo gani huwachekesha watu na jambo gani huwachosha. Akaanza kutunga michezo yake mwenyewe. Mmoja wa michezo mirefu ya kwanza ulichezwa katika mji wa Lyon mwaka 1655.

4. Mbele ya mfalme

Tarehe 24 Oktoba 1658 ilikuwa siku kubwa. Kikundi kilicheza mjini Paris mbele ya Mfalme Louis wa 14. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 20.

Kwanza walicheza mchezo wa huzuni uliotungwa na mtu mwingine. Watazamaji hawakuvutiwa sana. Molière aliona hatari. Kama wakiondoka hivyo hivyo, wangerudi tena njiani. Basi akasimama mbele ya mfalme, akaomba kwa adabu ruhusa ya kuonyesha mchezo mfupi wa kuchekesha, kama ile waliyoicheza vijijini na mijini. Mchezo huo ulimhusu daktari aliyeshikwa na mapenzi. Mfalme akacheka. Wakubwa wote waliokuwapo wakacheka pia.

Baada ya hapo kikundi kilipewa ukumbi Paris. Mwaka 1665 kikaitwa kikundi cha mfalme, na kikalipwa fedha kila mwaka. Mwana wa fundi aliyeikataa kazi ya nyumbani kwa mfalme aliingia humo kwa mlango mwingine.

5. Watu aliowacheka

Molière alitunga michezo 30 na zaidi. Tuangalie michache.

Mchezo mmoja ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1668. Unamhusu mzee mchoyo aitwaye Harpagon. Amefukia kasha la fedha za dhahabu bustanini, na kila mara anakwenda kuchungulia. Katika Ufaransa ya siku zile, mahari haikutolewa na mwoaji. Ilitolewa na baba wa msichana. Kwa hiyo Harpagon anataka kumwoza binti yake kwa mzee, kwa kuwa mzee huyo hadai mahari. Kwa siri anakopesha fedha kwa riba kubwa mno. Siku moja anagundua kwamba kijana anayetaka kukopa ni mwanawe mwenyewe. Kasha linapoibwa, anapiga kelele kama mtu aliyefiwa. Anamshuku kila mtu. Anaushika hata mkono wake mwenyewe akidhani amemkamata mwizi.

Mchezo mwingine ni wa mwaka 1666. Mkata kuni anampiga mke wake. Mke anataka kulipiza kisasi. Anawaambia wapita njia kwamba mumewe ni tabibu mkuu, ila hakubali mpaka apigwe fimbo. Basi mkata kuni anapigwa mpaka anakubali kuwa tabibu. Anavaa joho, anasema maneno ya Kilatini yasiyo na maana, na watu wanamwamini. Mchezo huu umetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu.

Mchezo wa tatu ni wa mwaka 1670. Unamhusu tajiri aitwaye Jourdain, mwana wa mfanyabiashara. Anataka kuonekana kabaila. Anaajiri mwalimu wa ngoma, mwalimu wa muziki, mwalimu wa upanga na mwalimu wa falsafa. Mwalimu wa falsafa anamfundisha jinsi ya kufumbua kinywa anapotamka herufi za a, e na i. Watu wenye hila wanamsifu na kumla fedha. Kwa Kiswahili mchezo huu uliitwa Mchuuzi Muungwana.

Wasomaji wa kisomo cha watu wazima wanaweza kuuliza swali hapa. Je, Molière alimcheka mtu mzima anayejifunza kusoma? Tukiutazama mchezo vizuri, jibu ni hapana. Jourdain hachekwi kwa sababu anajifunza ukubwani. Anachekwa kwa sababu hataki elimu imsaidie maishani. Anaitaka kama vazi la kujionyesha. Mke wake na mtumishi wao hawana majivuno hayo, na ndio wenye akili nyumbani.

6. Vita juu ya mnafiki

Mwaka 1664 Molière alionyesha mbele ya mfalme mchezo uliomletea taabu kubwa kuliko yote. Unaitwa Tartuffe. Kwa Kiswahili umetafsiriwa kwa jina la Mnafiki.

Tartuffe ni mtu anayejifanya mtakatifu. Tajiri mmoja, Orgon, anamkaribisha nyumbani kwake. Kila mtu nyumbani anaona kwamba mgeni huyu ni mwongo, isipokuwa Orgon na mama yake. Orgon anataka kumpa binti yake. Anamfukuza mwanawe na kumwandikia Tartuffe mali yake. Kumbe Tartuffe anamtongoza mke wa Orgon. Mke ana akili. Anamficha mumewe chini ya meza ili asikie kwa masikio yake. Orgon anazinduka, lakini nyumba imekwisha andikwa kwa jina la mnafiki. Mwishoni mtumishi wa mfalme ndiye anayeiokoa jamaa hiyo.

Baadhi ya watu wa dini walikasirika sana. Walisema mchezo huu utawafanya watu waidharau dini yenyewe. Padre mmoja aliandika kwamba Molière anastahili kuchomwa moto. Mfalme aliupenda mchezo, lakini aliuzuia usichezwe hadharani. Mwaka 1667 Molière alijaribu tena, baada ya kubadili jina na sehemu fulani. Ulichezwa mara moja tu, ukazuiwa. Askofu Mkuu wa Paris alitangaza kwamba atakayeucheza, kuusoma au kuusikiliza atatengwa na Kanisa.

Molière hakunyamaza. Alimwandikia mfalme, akaeleza kwamba hamcheki mcha Mungu wa kweli bali mwongo anayevaa dini kama kinyago. Alingoja miaka mitano. Tarehe 5 Februari 1669 ruhusa ilitolewa, na watu wakajaa ukumbini.

7. Mgonjwa wa kweli

Mwaka 1662 Molière alimwoa Armande Béjart, mchezaji wa kikundi chake. Walipata watoto watatu, lakini ni binti mmoja tu aliyekua mpaka utu uzima. Kazi ilikuwa nyingi mno. Molière alitunga, aliongoza kikundi, na yeye mwenyewe alicheza sehemu kubwa jukwaani. Akaanza kuugua kifua, akawa anakohoa kila mara.

Madaktari wa siku zile hawakuweza kumsaidia. Ugonjwa wowote waliutibu kwa kumtoa mgonjwa damu na kumpa dawa ya kuharisha. Walisema Kilatini kingi, na walitoza fedha nyingi. Molière aliwacheka katika michezo mingi.

Mchezo wake wa mwisho ulianza kuchezwa tarehe 10 Februari 1673. Unamhusu Argan, mtu mzima wa afya anayedhani ni mgonjwa. Anataka kumwoza binti yake kwa daktari ili apate matibabu karibu. Siku moja anajifanya amekufa. Mke anayemwamini anafurahi, na binti anayemwonea analia kwa uchungu. Hapo ndipo Argan anapojua nani anampenda.

Aliyecheza sehemu ya Argan alikuwa Molière mwenyewe. Hivyo mgonjwa wa kweli alijifanya mtu mwenye afya anayedhani ni mgonjwa.

Tarehe 17 Februari hali yake ilikuwa mbaya sana. Inasimuliwa kwamba mke wake na rafiki yake kijana walimsihi apumzike siku hiyo. Alikataa. Palikuwa na wafanyakazi 50 hivi waliotegemea ujira wa kila siku, na ukumbi ukifungwa wangelala bila chakula. Basi akapanda jukwaani. Karibu na mwisho mwili wake ulishtuka kwa maumivu, naye akauficha mshtuko huo kwa kicheko. Watu wakapiga makofi. Akachukuliwa nyumbani, akakohoa damu, akafariki usiku ule ule. Alikuwa na umri wa miaka 51.

8. Mazishi ya usiku

Padre aliitwa, lakini aliyekubali kuja alifika Molière amekwisha kufa. Alikuwa hajaikana kazi yake. Basi paroko wa mtaa wake akakataa kumzika. Mjane wake alikwenda kumwomba mfalme. Ndipo Askofu Mkuu alipotoa ruhusa, kwa sharti azikwe usiku, bila ibada kubwa. Usiku wa tarehe 21 Februari 1673 Molière alizikwa. Hapakuwa na fahari, lakini watu wengi walikuja na kumsindikiza kwa mienge.

9. Kwa nini bado anapendwa

Kikundi chake hakikufa. Mwaka 1680 mfalme aliamuru kiunganishwe na kikundi kingine. Ndiyo ikawa Comédie-Française, jumba la michezo la taifa ambalo lipo Paris mpaka leo, nalo huitwa nyumba ya Molière. Kiti alichokalia katika mchezo wake wa mwisho kimehifadhiwa huko. Wafaransa wanapotaka kuisifu lugha yao, huiita lugha ya Molière.

Wafalme wa Ufaransa wamekwisha. Madaktari wa leo si wale wa kutoa damu. Lakini mchoyo, mnafiki na mwenye kujivuna wangali nasi. Mtu akiutazama mchezo wa Molière, kwanza humcheka jirani yake. Akirudi nyumbani, huenda akajikuta anafikiri juu ya kasha lake mwenyewe.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Molière alifungwa gerezani mwaka 1645?
2. Ungekuwa baba yake, ungefanya nini mwanao alipoukataa urithi?
3. Kwa nini mchezo wa Tartuffe ulizuiwa? Je, waliouzuia walikuwa na haki?
4. Je, Molière alifanya vema kupanda jukwaani siku ile ya mwisho? Toeni sababu zenu.
5. Tungeni mchezo mfupi juu ya tabia moja mbaya, mwucheze darasani. Msimtaje mtu yeyote wa kijijini kwa jina.